Video ya Kumuaga Baba Wekesa

Sijui nitarudi kanisani na uso gani. Jirani yetu hapa Edmonton, Baba Wekesa, alipofariki, kamati ya mazishi iliuliza nani atatengeneza video ya kumuaga. Mimi, ambaye kazi yangu ni kutunza wazee, nikanyoosha mkono. Nilikuwa nimepakua programu ya bure ya kuhariri video juzi tu, na tayari nilijiona fundi.

Nilikuwa na video ya Krismasi niliyoirekodi nyumbani kwao, marehemu akila na kucheka. Shida ni kwamba nikirekodi nilipayuka jambo la aibu. Nikaikata video vipande viwili, nikazima sauti, nikaweka wimbo wa tenzi juu yake. Sikujua nimezima sauti ya kipande cha kwanza pekee. Na kwa haraka ya kwenda shifti, sikuitazama mpaka mwisho.

Ibada ikafika, watu wakitokwa na machozi. Katikati ya tenzi, sauti yangu ikapasuka kwenye spika: "Ugali wa Mama Wekesa leo ni simiti!"

Marehemu akajibu kwa kunong'ona: "Nyamaza, asikusikie. Mimi siwezi kula wa mtu mwingine."

Ukumbi mzima ukanigeukia. Mama Wekesa, mjane wa marehemu, akainua mkono.

"Rudisha nyuma," akaniambia. "Nataka kumsikia tena."

Nikarudisha, mara tatu. Na kila mara, kabla ya sauti yake, ilitangulia yangu.