Kikohozi Nyuma ya Ukuta

Nakumbuka mchana mmoja wa mkesha wa Krismasi, mwanangu, pale Skärholmen, kitongoji cha Stockholm, jua likiwa limekwisha kuaga ilhali saa tisa haijatimia. Nilikuwa msichana niliyefika juzi tu kutoka Uvira. Nilisafisha vyoo vya jumba la maduka pamoja na Bibi Zaituni, Mganda wa Jinja, Mwislamu, mwanamke mwembamba aliyetembea kama anayechelea kuiamsha sakafu.

Unazijua zile herufi mbili za mlango wa choo, WC. Wewe umezaliwa nazo hapa. Kwako ni mlango tu. Mimi nilizikuta utotoni kwenye mlango wa mapadri wetu, zimeletwa na Wabelgiji ambao nao waliziazima kwa Waingereza. Nikazikuta tena Stockholm, kabla sijajua hata kusema asante kwa Kiswidi. Kila niendako, zimenitangulia. Mwanzoni jambo hilo lilinifariji. Baada ya siku ile likawa linanitia ubaridi.

Bibi Zaituni alikuwa na desturi yake. Hakusukuma mlango wa choo bila kubisha, hata kama kitasa kilionyesha rangi nyeupe, yaani hamna mtu. Alibisha kwa kifundo cha kidole, akanyamaza, akasikiliza. Kwetu nasi ndivyo tulivyolelewa: aliye msalani hasemi, hukohoa kidogo tu, ukajua pana mtu, ukarudi nyuma. Na ukiitwa jina lako ukiwa humo, usiitike. Wazee walisema anayekuita humo si lazima awe mtu. Mwacha mila ni mtumwa, lakini ujana hausikii methali. Mimi hayo yote nilikuwa nimeyaacha uwanja wa ndege.

"Bibi, si unaona nyeupe?" nilimtania. "Unambishia nani, shetani?"

"Hata kama ni shetani, mwache kwanza avae suruali," alinijibu, wala hakucheka.

Siku hiyo mzee mmoja alipotea mle ndani. Jina lake Mzee Kabwe, Mkongomani mwenzangu, ambaye akili zake zilikuwa zimeanza kwenda na kurudi. Binti yake, Furaha, alimwacha kwenye benchi akaingia duka la viatu. Alipotoka, benchi tupu. Vipaza sauti vilitangaza jina lake. Furaha mwenyewe alipita kwenye ujia wetu akilia, "Papa! Papa eh! Itika basi!" Aliita mbele ya kila choo, akatega sikio. Kimya. Mlinzi akasema pengine mzee ametoka nje, na nje theluji ilikuwa inaanguka. Wakakimbilia kituo cha treni.

Muda wa kufunga ukafika. Jumba zima lingekaa gizani mpaka sikukuu ipite, na ufunguo wa ujia ulikuwa mkononi mwangu. Bibi Zaituni akaanza kubisha, mlango kwa mlango, mpaka wa mwisho kabisa. Nyeupe. Akabisha.

Ndani pakakohoa.

Kilikuwa kikohozi kidogo, kikavu, chenye adabu. Bibi akangoja, akabisha tena, kikaitika tena. Ndipo akausukuma mlango. Hamkuwa na mtu. Bakuli jeupe, karatasi, taa inayotetemeka.

Nikarudi nyuma. "Twende, Bibi. Ni mabomba hayo."

"Mabomba hayangoji kubishiwa."

"Twende, nakuomba. Mimi nafunga."

Akanigeukia, akanishika mkono wenye ufunguo. "Binti, mimi ni mtu mzima na ninaogopa kuliko wewe. Lakini huyu ametuitikia. Utamfungia mlango mtu aliyekuitikia?"

Nikautia ufunguo mfukoni. Bibi akaingia, akabisha kwenye ukuta wa nyuma. Kikohozi kikaja karibu zaidi, kana kwamba kiko chini ya kiganja chake. Tukakumbuka: nyuma ya ukuta ule palikuwa na chumba cha mabomba, kina mlango usio na herufi yoyote, na asubuhi mafundi walikuwa humo. Kitasa chake kilijibana chenyewe, aliye ndani asiweze kutoka. Tukafungua.

Mzee Kabwe alikuwa amekaa gizani juu ya ndoo iliyopinduliwa, kofia magotini, midomo imepauka kwa baridi. Alizifuata herufi, akasikia maji yakitiririka, akaingia mlango wa jirani. Kwake yeye, hapo palikuwa chooni.

Tukampigia mlinzi simu, na Furaha akarudi mbio. "Papa, nimekuita mpaka sauti imekauka! Mbona hukuitika?"

Mzee akamtazama kama mtoto asiyefunzwa. "Mtu anaitika chooni, Furaha? Tena sauti ilikuwa yako kabisa. Nikajua ni ile kitu, inakuigiza."

Furaha akacheka na kulia pamoja. Akamvika koti lake, wakaondoka wameshikana. Mwisho wa ujia mzee akasimama, akatugeukia.

"Mumwambie na mwenzangu atoke. Ana heshima sana. Tulikuwa tunapokezana kukohoa."

Chumba kile, mwanangu, kilitosha mtu mmoja aliyekunja magoti.

Bibi Zaituni akabisha kwenye mlango ulio wazi. Tukasubiri. Mpaka leo siwezi kukuapia nilichosikia; na mabomba nayo hukohoa. Bibi akaurudisha mlango polepole, kama anayemwachia mtu faragha yake, akaweka kipande cha kitambaa ili kitasa kisijibane.

Sasa nisikilize. Babu yako kule Jakobsberg, ambaye naye akili zake zinakwenda na kurudi, unamwita kwa Kiswidi ukiwa sebuleni, asipoitika unasema amekwisha, hayupo tena. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Pengine yupo, ameketi gizani kwa adabu zake zote, na sauti unayomwitia ndiyo aliyofundishwa kuiogopa. Usiongeze kelele. Msogelee, bisha kwa namna anayoijua, kisha ngoja. Wala usifunge mlango wowote kwa sababu kitasa kinaonyesha nyeupe. Rangi huwekwa na chuma. Aliyemo ndani hujulikana kwa kubishiwa.

Mungu akupe masikio yenye subira, mwanangu. Na siku utakapokuwa wewe upande wa pili wa ukuta, akuletee mtu wa kubisha.