Kibyongo wa Chupa ya Achari

Kosa langu la kwanza lilikuwa kumchagua jirani kwa rangi. Nilinunua samaki mmoja mwekundu, wa aina ambayo wauzaji huiita faita, mwenye mapezi marefu kama pazia la harusi, nikamtia kwenye tangi la gapi kwa sababu wekundu wake ulipatana na njano ya mikia yao. Nikarudi nyuma hatua mbili na kuinamisha kichwa, kama fundi anayetazama ukuta aliomaliza kuupaka. Kufika adhuhuri, mikia mitatu ya njano ilikuwa nyuzi tupu.

Lililonitia jasho zaidi ni kwamba wale gapi hawakuwa wangu.

Nilikuwa dereva wa nyumba moja Riyadh. Nilifika mwezi wa kumi na moja, ikama yangu, kile kibali cha kuishi, ikatoka kabla ya mwaka mpya, na kwa muda mrefu mtu pekee niliyezungumza naye Kiswahili ana kwa ana alikuwa dada mmoja wa Mombasa, mpishi na msafishaji wa nyumba ileile, mwaka wake wa sita kwa kafili huyohuyo, bosi aliyetudhamini. Alinizidi umri kiasi cha kuniita mdogo wangu anapofurahi, na kijana wa bara anapokasirika. Mimi kutwa niko barabarani. Yeye akitoka, alitoka hadi pipa la taka la getini. Nje yake ilikuwa tangi la samaki kwenye dirisha la jikoni.

Gapi hao waliachwa na binti wa bosi alipoolewa na kuhamia Jedda. Madam alitaka wamwagwe. Dada alisimama mbele ya sinki na kusema, "Mafi, hakuna kumwaga, madam. Hawa wangu." Madam akacheka, ikawa halas, yamekwisha. Walikuwa kumi na mmoja: samaki wadogo wa urefu wa kidole cha mtoto, madume wakiwa na mikia ya njano, majike ya kijivu. Jike moja lilikuwa na mgongo uliopinda kama ndoana. Hilo ndilo alilolipenda kuliko wote. Alilisimulia habari za nyumbani akiwa anamenya vitunguu.

Mwezi wa tano binti wa bosi akajifungua, na dada akaambiwa aende Jedda kumsaidia. Alipewa tikiti ya ndege na ruhusa ya begi moja. Tangi likaja kwenye chumba changu kando ya geti.

"Shule zikifungwa utaleta gari Jedda," aliniambia. "Niletee samaki wangu. Wote kumi na mmoja. Na usiwaboreshe, wanisikia? Walishe kidogo asubuhi, kisha uwaache."

"Usijali, dada. Utawakuta wazuri kuliko ulivyowaacha."

"Sitaki wazuri. Nataka haohao."

Nilimsikia. Ila niliyahesabu kuwa maneno ya mtu asiyetazama video. Mimi nilikuwa nimeshatazama video kumi na nne kabla ndege yake haijatua.

Lazima niseme mimi ni mtu wa namna gani. Nairobi nilikaa chumba kimoja na vijana wanne, nikawaandikia ratiba ya bafu na kuibandika mlangoni. Ndani ya miezi miwili watatu walihama, na wa nne alibaki kwa kuwa alikuwa binamu yangu. Nikilala, huamka kuhakikisha nimefunga mlango, halafu huamka tena kuhakikisha kwamba kule kuhakikisha hakukuufungua.

Basi, hata kabla ya yule faita, nilianza na usafi. Nililisugua tangi mpaka kioo kikaonekana kama hakipo. Nilitoa fundo lote la majani lililoelea juu, kwa sababu lilikuwa limechanika na halikuwa na umbo lolote. Na nilimtoa kibyongo. Nakiri kwa aibu: aliniharibia mandhari. Kila nikikaa kutazama kazi yangu, anapita yeye, amejikunja, tumbo limejaa, anaogelea kama anayetafuta kitu alichoangusha. Nilimtia kwenye chupa kubwa ya achari ya limau niliyokuwa nimeiosha, nikamtupia yale majani nisiyoyataka, nikaiweka chupa sakafuni nyuma ya kitanda. Asubuhi nilimpa chembe mbili za chakula. Maji yakipungua nilimwongezea yaliyobaki kwenye chupa yangu ya kunywa. Zaidi ya hapo nilimsahau.

Faita alipomaliza kazi yake, gapi wawili walikufa. Nikamrudisha dukani, Sulimaniya, siku madam alipokwenda kwa fundi wa nguo na mimi nikawa na saa nzima ya kusubiri. Muuza samaki, Mhindi mpole mwenye miwani kwenye kamba, alimpokea bila kuuliza. Nikaonyesha kwa kidole samaki sita wa milia myeusi waliokuwa wakikimbizana kama watoto wa shule.

"Hawa na gapi?" akasema. "Mafi zein, si vizuri, rafiki. Hawa wanauma mkia."

"Nimesoma wakiwa wengi wanaumana wenyewe kwa wenyewe, hawana habari na wengine."

Alinitazama juu ya miwani. "Umesoma," akasema, na kunifungia wale sita kwenye mfuko.

Waliumana wenyewe kwa wenyewe, kweli. Halafu, wakipumzika, waliuma gapi. Watatu wakafa. Nikarudi dukani na mfuko wangu, na yule Mhindi alikuwa muungwana kiasi cha kujifanya anapanga makopo.

Nikabaki na watano kwenye tangi, na wa sita, kibyongo, nyuma ya kitanda. Mtu mwenye akili angeacha hapo. Mimi nikaamua tatizo ni maji. Nilinunua kipimajoto na kuanza kubadilisha nusu ya maji kila baada ya siku moja. Ilikuwa mwezi wa sita, na bomba la maji baridi chumbani kwangu lilitoa maji ya kunyonyolea kuku. Sikushangaa, nilidhani ndiyo Riyadh. Nilioga maji hayo nikiuma meno, nikijivuna moyoni kwamba nimezoea nchi ya watu. Ya samaki niliyatia kwenye ndoo na kuyatupia barafu za friza, nikisimamia kipimajoto kama muuguzi, mpaka kisome ishirini na tano. Barafu ikiendelea kuyeyuka yanashuka ishirini na mbili, naongeza ya bomba, yanapanda thelathini. Nikichoka namimina. Kwa wiki nzima niliwabadilishia gapi majira ya mwaka mara tatu au nne, na wengine watatu wakafa wakiwa safi kabisa.

Kila Ijumaa dada alinipigia kwa video.

"Nionyeshe watoto wangu."

Niliisogeza simu hadi kioo kikaguswa, ili wawili waliobaki wakipita na kurudi waonekane msafara.

"Mbona wengine siwaoni?"

"Wana aibu na kamera, dada."

"Kibyongo yuwapi?"

"Yuko nyuma ya jiwe."

Hakukuwa na jiwe. Jumamosi nilikwenda kununua jiwe.

Ningeweza kumwambia. Kila Ijumaa nilipanga kumwambia, na kila Ijumaa nilitaka kwanza tangi likae sawa ndipo niseme. Shule zilipokaribia kufungwa nilifanya jambo ninaloona haya kuliko yote: nilirudi kwa yule Mhindi na kununua gapi wanane. Nilisimama mbele ya vioo vyake dakika arobaini nikitafuta njano ileile, huku simu ikiita na madam akiuliza niko wapi. Niliporudi nyumbani nilihesabu: kumi kwenye tangi, mmoja kwenye chupa. Kumi na mmoja. Nikajisikia kama mtu aliyenakili mtihani na kusahau kubadilisha jina.

Familia walisafiri kwa ndege, mimi nikapeleka gari na mizigo. Niliondoka baada ya sala ya alfajiri. Samaki kumi walikuwa kwenye ndoo yenye mfuniko, kwenye kiti cha mbele, na kipampu cha betri kinachotoa mapovu. Ndoo niliifunga mkanda. Chupa ya achari niliikwamisha kwenye tundu la kikombe karibu na gia. Niliendesha polepole kiasi kwamba malori ya saruji yalinipita yakipiga honi. Kwenye kituo cha mafuta, dereva mmoja Mpakistani alichungulia ndani.

"Chakula?" akaniuliza.

"Hapana. Abiria."

Akaitazama ndoo iliyofungwa mkanda, akanitazama mimi, na kwenda kujaza mafuta pampu nyingine.

Kwenye kona za mteremko wa Taif chupa ya achari ilimwaga karibu nusu ya maji. Nikasimama pembeni, nikaijaza maji ya kunywa, sikuangalia hata ndani. Akili yangu yote ilikuwa kwenye ndoo.

Nilifika Jedda alasiri. Dada alinifungulia mlango wa jikoni, mtoto mchanga begani, uso umemnawiri kwa furaha mpaka nikatamani kurudi Riyadh. Niliweka ndoo mezani na kufunua. Akainama. Aliwafuata kwa macho mmoja mmoja, akimpigapiga mtoto mgongoni.

"Hawa ni nani?" akauliza.

"Samaki wako, dada."

"Huyu na huyu ni wangu. Hawa wanane ni nani?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali mengi barabarani, hata nimeyafanyia mazoezi kwa sauti. Hili halikuwemo. Nikamwambia yote, kwa mpangilio, nikianza na faita, kwani hata kuungama sikuweza kuungama ovyo ovyo. Nilipofika kwenye jiwe ndipo akainua macho.

"Yaani Ijumaa zote zile mimi nasalimia jiwe?"

"Ndiyo, dada."

"Kijana wa bara," akasema, na kunipa mgongo. Alimlaza mtoto kwenye kitanda chake kidogo, akafuta meza ambayo haikuwa na uchafu. "Sikutegemea samaki. Samaki hufa. Nilikutegemea wewe, kwamba ukiniambia wapo, wapo." Halafu, bila kugeuka: "Na kibyongo? Alikufa wa ngapi?"

"Hakufa. Yuko garini."

"Garini?"

Nilishuka kumchukua. Niliona haya kuipeleka ile chupa: lebo imebanduka nusu, maji rangi ya chai, majani yamevurugika. Dada aliipokea kwa mikono miwili na kuinyanyua kwenye mwanga wa dirisha. Kibyongo alikuwepo, amejikunja vilevile, ila tumbo limepungua. Dada akasogeza jicho karibu na kioo.

"Subhanallah," akasema. "Hebu njoo."

Ndani ya majani, kila mahali palipokuwa na kivuli, palikuwa na macho. Vitoto vya gapi, kila kimoja kama kope, vimesimama tuli kati ya majani niliyoyatoa kwa sababu hayana umbo. Akavihesabu mara mbili. Vilikuwa kumi na vinne.

"Hii chupa uliifanyaje?"

"Sikuifanya kitu. Niliisahau."

Alinitazama, mdomo ukimcheza, lakini hakutaka kunipa kicheko bado. "Na maji ya tangi ulikuwa ukiteka wapi?"

Nikamweleza bomba la baridi, ndoo, barafu na kipimajoto. Hapo ndipo aliposhindwa. Alicheka mpaka akashika meza, na mtoto akaamka.

"Tangi la maji liko juu ya paa, we! Jua lote la Riyadh liko juu yake. Joto likianza, watu huzima hita, maji yakae kwenye tangi lake ndani ya nyumba yapoe, kisha wateka bomba jekundu, lile la moto. Kila mtu ajua. Na wewe? Umeogea nini miezi yote hii?"

"La baridi."

"Ya moto hivyo?"

"Nilidhani ndiyo hali ya hewa."

Alicheka tena, akamchukua mtoto, akacheka naye. Sikusamehewa siku hiyo. Aliniambia hivyo waziwazi: "Nimecheka, lakini sijakusamehe."

Ijumaa iliyofuata binti wa bosi alimruhusu dada atoke nami kununua vitu vya nyumba. Alituma pesa kwao pale Sharafiya, kisha akaniambia nimpeleke Ghulail, kwa mzee mmoja muuza samaki ambaye duka lake ni upana wa mlango. Gapi wanahitaji wenzao wa kula mabaki yanayozama, alisema, na safari hii atachagua yeye. Mimi nikaanza kueleza nilichosoma juu ya aina saba zinazofaa.

"Nyamaza. Watazame midomo."

"Midomo?"

"Gapi mdomo wake watazama juu. Ala juu. Yule kambale mdogo pale, mdomo watazama chini. Ala chini. Hawana pa kugombania. Wewe watazama nguo."

Tulinunua kambale sita, wadogo, rangi ya vumbi, wenye sharubu. Watatu aliwaweka yeye. Watatu alinikabidhi mimi nirudi nao Riyadh pamoja na vitoto sita vya kibyongo na nusu ya majani, ndani ya chupa ileile ya achari.

"Nakujaribu," akasema. "Usifurahi."

Sijaacha kuamka kuangalia mlango. Lakini tangi langu lina majani yaliyovurugika, na hita naizima mwezi wa tano. Vitoto vitano vimekuwa gapi wakubwa, mmoja wao ana mgongo uliopinda kidogo. Cha sita kilikufa wiki ya pili. Nilimpigia dada saa ileile, ilikuwa Jumanne, sikungoja Ijumaa. Sasa akipiga, kwanza namtajia waliokufa, kama wapo, ndipo nageuza simu kwenye kioo.