Tulivyoiba Kibuyu Heru Juu

Mjukuu wangu alikuja likizo hapa Kasulu na kimashine chake cha michezo, akakichomeka kwenye runinga ya sebuleni, na kwa siku tatu nzima sikuona taarifa ya habari. Mchezo wenyewe ulikuwa wa jasusi. Jasusi huyo anatakiwa aingie kwenye jumba lenye walinzi, achukue faili, atoke bila kuonwa. Kila mara mjukuu wangu alimkimbiza mpaka kwenye ujia uleule, mlinzi akageuka, ving'ora vikalia, ikabidi aanze upya. Mimi nilikuwa nimekaa pembeni na ungo wa maharage, nachambua. Ilipofika mara ya kumi hivi nikashindwa kunyamaza.

"Unakimbia mno," nikamwambia. "Tena unalitazama faili. Mwache jasusi wako nyuma ya lile kabati, umtazame mlinzi. Mwache atembee mara mbili, mara tatu. Ukishajua anageukia wapi, ndipo uende."

Alinitazama kwa huruma, kama wanavyotutazama tukishika simu zao. Lakini alifanya nilivyosema, na jasusi akapita.

"Bibi, haya umeyajulia wapi?"

Niliuweka ungo chini. Na wewe msomaji vuta kigoda, maana jibu lake si la maneno mawili. Niliyajulia Heru Juu, miaka ya sabini, nikiwa na miguu yenye mikwaruzo na jina la utani nisilolipenda.

Jina lenyewe lilikuwa Debe. Nilipewa kwa sababu ya makelele yangu katika mchezo wetu mkubwa, mchezo wa kuiba kibuyu. Tuliucheza baada ya shule, tukishateka maji na kuloweka mihogo, kwenye mteremko ulio kati ya shamba la kanisa na kijito. Juu kulikuwa na mihogo, katikati migomba, chini kabisa matete. Kibuyu kiliwekwa mahali peupe, juu ya kisiki, na ndani yake tulitia maharage makavu kiganja kimoja. Walinzi walikuwa watatu. Wezi tulikuwa watano au sita, tukianzia kijitoni. Mlinzi akikuona alilitaja jina lako na mahali ulipo, nawe ukatoka. Ukifanikiwa kukifikia kibuyu, kazi ya kukirudisha kijitoni ndiyo kwanza imeanza, kwa sababu maharage yale yalilia kama kayamba. Hayakuruhusiwa kumwagwa. Upande ulioshinda ulikula viazi vilivyochomwa na upande ulioshindwa, na viazi vya mtu aliyeshindwa vina utamu ambao mpaka leo sijaupata mahali pengine.

Mimi sikuwahi kuvila. Nilikuwa naonwa wa kwanza. Nilikanyaga majani makavu ya migomba, nilipiga chafya, nilivaa gauni jekundu la Krismasi katikati ya kijani kitupu. Nahodha wetu, kijana mmoja wa darasa la sita mwenye sauti ya mtu mzima, alisema ni afadhali wacheze pungufu kuliko kucheza na debe.

Siku hiyo nilimpandia bibi yangu dunguni nikilia. Bibi alishinda kwenye dungu lile msimu mzima wa mahindi akiwafukuza nyani, na fimbo yake, na kikopo chake cha uji wa mtama. Hakunibembeleza. Alisema, "Kesho njoo, lakini usinisaidie kufukuza. Kaa utazame."

Nikakaa nikatazama. Nyani dume alikuwa juu ya mti upande wa pili wa bonde, kimya, kama mzee aliyesahau alichotoka kufanya. Wenzake wamelala kwenye majani. Bibi alipoinama kumimina uji, watatu wakasogea. Alipoinua uso, walikuwa mawe. Upepo ulipotikisa mahindi, wakasogea tena. Ulipotulia, wakatulia.

"Umeona?" bibi akaniuliza. "Nyani haangalii mahindi. Anamwangalia mwenye mahindi."

Hayo ndiyo yalikuwa masomo yangu, wiki nzima. Nilijifunza kuweka mguu chini kwa upande wa nje kwanza, halafu unyayo, ili jani likikataa niweze kuuondoa. Nilijifunza kusubiri upepo. Niliacha njia nyepesi, kwa sababu mlinzi naye anaijua. Gauni jekundu nikalibadilisha na kitenge chakavu cha bibi. Na kila nilipotaka kukurupuka, bibi alinigusa bega na kusema kwa Kiha, "Buhoro buhoro," polepole, polepole.

Nikarudi mchezoni, nikaanza kukifikia kibuyu. Hilo peke yake lilinyamazisha wengi. Ila nikishakiinua tu, maharage yalinisaliti, na jina langu likatajwa kwa furaha kubwa kuliko ya mwanzo.

Ndipo akaja msichana mgeni.

Mwaka ule watu wengi walivuka kutoka Burundi wakikimbia mauaji. Walipita Manyovu na njia za porini, wengine wakiwa na godoro kichwani, wengine bila chochote. Mama mmoja na binti yake wa umri wangu na mtoto mchanga walipewa kibanda nyuma ya uwanja wa jirani yetu. Kirundi chao na Kiha chetu ni kama ndugu wa tumbo moja, kwa hiyo tungeweza kuzungumza tangu siku ya kwanza, lakini msichana yule hakuzungumza. Alikuja kukaa kwenye ukingo wa shamba la kanisa na kututazama tukicheza. Alitazama kama bibi yangu alivyotazama nyani.

Jioni moja tulipungukiwa na mtu. Nahodha akamwita kwa mzaha, "Mgeni naye aje."

Akaja. Tulishuka naye kijitoni, tukatawanyika kwenye matete, na nilipogeuka kumwelekeza hakuwapo. Mimi nilitajwa. Wenzangu wakatajwa mmoja mmoja. Walinzi wakaanza kucheka, wakisema mgeni amerudi kwa mama yake. Mmoja akageuka kuegemea kisiki, na kisiki kilikuwa kitupu. Yeye alikuwa ameketi kijitoni, kibuyu mapajani, miguu majini.

Hatukusikia hata punje moja. Nahodha akakichukua kibuyu, akakitikisa, kimya. Maharage yote yalikuwa ndani. Alikuwa amechuma majani mabichi ya viazi, akayashindilia taratibu mdomoni mwa kibuyu mpaka yakazibana punje zisicheze.

"Nani alikufundisha?" nahodha akamuuliza, na safari hii hakufanya mzaha.

"Nilibeba sufuria," akasema. "Na vifuniko. Porini vinalia. Mama akasema tuweke majani katikati."

Nahodha akampa kiazi kikubwa kuliko vyote, naye akala nusu, nusu akaifunga kwenye ncha ya kitenge kumpelekea mama.

Tangu siku ile tukawa hatushindwi. Akawa rafiki yangu. Yeye alinifundisha kupumua kwa mdomo wazi ili pua isilie, mimi nikamfundisha nyimbo za shule na majina ya Kiswahili ya vitu, maana shuleni mwalimu wetu hakuruhusu lugha nyingine. Habari zetu zilivuka kijito, na watoto wa kijiji cha pili wakatuma salamu kwamba wanataka kushindana nasi Jumamosi baada ya kazi za shamba.

Jumamosi hiyo nusura tumpoteze.

Watoto wa ng'ambo walikuja na utaratibu wao. Walinzi wao walishika fimbo kama bunduki, na hawakutaja jina. Walimrukia mwizi, wakamwelekezea fimbo, wakapiga kelele, "Pa! Umekufa!" Nahodha wetu alikubali, akaona ni utundu tu. Nami nilikubali. Tukaingia kwenye mihogo. Muda si mrefu nikasikia ile "Pa!" upande aliokuwa rafiki yangu, halafu matawi yakivunjika, mtu anakimbia bila kujali sauti, yeye ambaye hajawahi kuvunja hata kijiti. Halafu kimya.

Tulidhani atarudi. Tulimngoja tukimwita, kwanza tukicheka, kisha bila kucheka. Nahodha akakimbilia kwa watu wazima. Jua lilikuwa bado lipo wakati mteremko ulipojaa watu. Mwalimu wetu alikuja na filimbi yake ya mchakamchaka, akawapanga wanaume kwenye mstari, wakawa wanapiga vichaka kwa fimbo na kuita jina lake kwa sauti kubwa. Walikuwa wanamtafuta kwa mapenzi, msomaji, usiwalaumu. Mama yake alisimama mlangoni mwa kibanda, mtoto mgongoni, mkono mdomoni. Kijito kilikuwa kimejaa kwa mvua ya juma lile, na kila mtu alikitazama bila kukitaja.

Mimi niliutazama ule mstari wa wanaume wenye fimbo, nikaona anachokiona rafiki yangu. Miguu yangu ikanipeleka kwa mwalimu. Mtoto kumwambia mwalimu aache, siku zile, lilikuwa jambo la kuchapwa.

"Mwalimu, naomba waache kupiga filimbi."

"Unasema nini?"

"Anawaogopa. Wakizidi kuita, atazidi kujificha. Yeye hatumuoni hata akiwa karibu."

Alinigeuzia uso wake mkali. "Wewe unajua alipo?"

"Sijui, mwalimu. Ila najua anatazama nini."

Sijui ni kitu gani usoni mwangu kilichomfanya anisikilize. Aliitia filimbi mfukoni, akawainulia wanaume mkono, nao wakakaa chini walipokuwa. Mteremko mzima ukanyamaza.

Nyani anamwangalia mwenye mahindi. Rafiki yangu angemwangalia mama yake. Nikaenda mpaka mlangoni mwa kibanda, nikasimama kando ya yule mama, nikageuka na kuangalia kutoka pale, nikijiuliza ni wapi mtu anaweza kuuona mlango huu bila yeye kuonwa. Palikuwa na mahali pamoja tu, kwenye kichaka cha matete juu ya ukingo wa kijito, hatua chache kutoka kwenye maji.

Nilikwenda huko nikifanya yote niliyofundishwa nisifanye. Nilikanyaga kila jani kavu. Nilikohoa. Niliimba wimbo mmoja wa shule vibaya, kwa sauti ya debe. Nilipofika karibu nikakaa chini, nikayapa matete mgongo, nikaweka mikono yote miwili juu ya magoti ionekane.

"Ni mimi," nikasema kwa Kiha. "Niko peke yangu. Sina fimbo. Mama yako yupo mlangoni, na mtoto amelala."

Nikakaa. Ni muda mrefu kuliko wote niliowahi kukaa. Nilitaka kugeuka, shingo ikiniuma kwa kutaka kugeuka, na nikajiambia buhoro buhoro. Halafu nikasikia punje moja tu ya sauti, jani likiguswa, na nikajua ameliacha lisikike kwa makusudi. Akaja akakaa pembeni yangu. Meno yake yalikuwa yanagongana. Kitenge kilikuwa kimelowa mpaka kiunoni.

"Nilidhani ni kweli," akasema.

"Najua."

Tulipanda tukiwa tumeshikana mikono, na wale wanaume wote hawakusimama mpaka tulipopita, kwa sababu mwalimu aliwaashiria wasisimame. Mama yake hakumkemea. Alimvua kile kitenge kilicholowa, akamfunga chake.

Jumatatu yake nahodha alikuja mteremkoni kabla ya watu wote, akavunja fimbo moja gotini, akasema kuanzia leo rafiki yangu ndiye nahodha. Hakuwa mtu wa maneno mengi ya kuomba radhi, na hilo lilitosha. Nahodha mpya alitoa amri moja. Mtu akionwa, aitwe kwa jina lake kamili, taratibu, kisha aambiwe karibu. Watoto wa ng'ambo walicheka waliposikia. Tulirudiana nao kwa sheria hiyo, na tukala viazi vyao mpaka matumbo yakauma. Kibuyu nilikitoa mimi, msomaji, mikono hii hii, kimya kabisa, na rafiki yangu akitembea mbele kunipimia upepo. Jina la Debe liliishia hapo.

Alisoma vizuri kuliko mimi. Alikuwa mkunga kule Kibondo miaka mingi, na nasikia kina mama walimpenda kwa sababu hakuingia chumbani kwao kwa kishindo. Wakimbizi wa mwaka ule walipokuwa wanaandikishwa uraia nilimsindikiza, nikakaa naye kwenye foleni. Karani akamuuliza kwao ni wapi. Akajibu bila kufikiri, "Heru Juu." Nilitazama pembeni ili karani asione macho yangu.

Bibi hayupo tena, wala dungu. Nyani wamesukumwa mbali, mihogo imepungua, matete yalikatwa watu walipofyatua matofali. Bodaboda zinapita pale tulipochezea. Watoto wakirudi kutoka shule wanaingia ndani, na sijasikia mmoja wao akitaja mchezo wa kibuyu.

Mwezi uliopita rafiki yangu alikuja kunitembelea, tukapanda mteremko ule kwa miguu, tukipumzika kila baada ya hatua chache. Tulibishana kisiki kilikuwa wapi. Yeye alisema hapa, mimi nikasema pale kwenye tangi la maji. Mwenye nyumba iliyojengwa hapo, mama kijana, akatoka kutusalimu.

"Shikamooni. Mmepoteza kitu, mama zangu?"

"Marahaba, mwanangu," rafiki yangu akamjibu. "Hatujapoteza. Zamani tulikuwa tunashinda hapa."

Yule mama akatabasamu, akidhani tulikuwa tunakaa tu kutwa, akatuletea viti.