Ufa Nilioupaka Chokaa

Nyumba yenyewe iko Katandala, ya matofali ya kuchoma yaliyoshikwa kwa udongo mtupu. Ilijengwa zamani na katekista mmoja, na katika chumba chake cha mbele ndimo mama yangu alimojifunza kusoma, mimi nikiwa mgongoni. Wajukuu wa katekista walipotaka kuibomoa, tuliwaomba watuachie. Tulikuwa watu saba wa kujitolea: wakulima wanne, muuguzi, fundi mwashi mzee kutoka Kasense, na mimi, mwalimu mstaafu. Mwenyekiti nilikuwa mimi. Tulitaka chumba cha mbele kirudie kufundishia watu wazima, na vyumba vya nyuma walale wasichana wa vijijini wanaosoma sekondari mjini, ambao wengi walikuwa wakipanga vyumba peke yao.

Kiangazi kizima tulitoa kenchi za paa zilizoliwa na mchwa na kupiga bati upya. Mvua zilipokwisha kuanza, fundi akaniita chumba cha mwisho. Ufa ulishuka kutoka kona ya dirisha mpaka sakafuni. Aliingiza kidole kikazama.

"Huu hauzibwi, Mwalimu," alisema. "Ukuta umeachana na mwenzake. Unabomolewa, unajengwa upya."

"Lini?"

"Mvua zikatike kwanza."

Maana yake Mei. Shule zilikuwa zinafunguliwa Januari, na mkaguzi wa manispaa alikuwa anakuja Alhamisi ile. Nilimwambia fundi nitawaeleza wenzetu. Akaniamini, akarudi Kasense kupanda mahindi yake.

Sikumweleza mtu. Jumatano nilijifungia mle ndani na ndoo ya udongo, nikaushindilia ufa kwa mikono, kisha nikapaka chokaa ukuta mzima ili rangi isitofautiane. Kesho yake mkaguzi alipapasa, akagonga hapa na pale, akatia sahihi. Wenzangu walipiga vigelegele. Mimi pia nilipiga.

Wasichana walikuja sita. Chumba cha mwisho walipata wawili, mmoja binti wa mfugaji Msukuma aliyehamia bonde la Rukwa na ng'ombe wake. Baba huyo alishusha sanduku la mtoto, akanishika mkono.

"Huyu ndiye wa kwanza kwetu kufika sekondari. Nimekuachia, Mwalimu."

Jioni ile nilikata ukanda wa karatasi ya daftari, nikaubandika kwa gundi kukatiza mahali pa ufa. Ukuta ukisogea, karatasi itachanika. Nilikwenda kuitazama kila siku, mara nikipeleka maharage, mara nikiuliza habari za masomo.

"Bibi, hii karatasi ni ya nini?" binti yule aliniuliza siku moja.

"Ni alama ya fundi," nilimdanganya. "Msiibandue."

Wiki tatu ilikaa nzima. Nilianza kulala vizuri, hata nikajiambia kwamba fundi ni mzee na wazee huogopa. Kisha ikaja mvua ya siku tatu mfululizo, ile yenye baridi ya huku kwetu isiyotaka mtu atoke. Jumamosi saa tisa mchana nilijifunika turubai nikaenda. Wasichana wale wawili walikuwa vitandani wakijisomea. Karatasi ilikuwa imechanika katikati, na chini yake udongo ulikuwa ukidondoka kidogo kidogo kama unga unaochungwa.

"Tokeni."

"Bibi, tukusanye kwanza madafta—"

"Tokeni sasa hivi!"

Niliwavuta kwa nguo. Tuliwatoa na wengine, tukakimbilia kwa jirani, nikamwomba dereva wa bodaboda amfuate fundi. Fundi hakuwahi kufika. Tulisikia mshindo mmoja, mzito, halafu bati likilia. Ukuta ulikuwa umeangukia ndani. Kitanda cha binti wa mfugaji hakikuonekana.

Fundi alifika amelowa chepechepe. Alisimama mbele ya kifusi, akaokota kipande cha udongo wangu chenye chokaa, akakigeuzageuza.

"Hukuwaambia," alisema.

Nikatikisa kichwa.

Wazazi waliitwa. Yule mfugaji aliwasili Jumatatu, akakitazama chumba, kisha akanigeukia.

"Mwalimu, ulijua?"

Wenzangu wote walikuwepo. Niliona muuguzi akifungua mdomo kunitetea.

"Nilijua," nilisema. "Fundi aliniambia. Niliuziba mwenyewe."

Hakunitukana. Ingekuwa nafuu kama angenitukana. Alimwambia binti yake afungashe kilichobaki, wakaondoka kwenda kwa ndugu yao Kizwite. Manispaa ilifunga nyumba, nami nikamwandikia mkaguzi barua kueleza kwamba nilimficha ule ufa. Wenzangu walinivua uenyekiti, hakuna aliyenyoosha mkono kupinga, hata mimi.

Mvua zilipokatika nilirudi kukanda udongo. Asubuhi ya kwanza hakuna aliyenisemesha isipokuwa fundi, naye alisema tu, "Ongeza maji." Tulichambua matofali mazima kwenye kifusi, tukachimba msingi upya. Mkaguzi alikuja mara tatu kabla ya kuruhusu nyumba ifunguliwe. Mara zote fundi ndiye aliyemtembeza ndani, nami nilikaa nje.

Wasichana walirudi muhula wa pili, watano. Wiki mbili baadaye baba mfugaji alisimama mlangoni na sanduku la bintiye. Nilimsalimia, nikaanza kumweleza jinsi tulivyojenga. Akainua mkono.

"Nataka nisikie kwa fundi," alisema. "Si kwako."

Nikaenda kumwita.