Anayesaka Bomba Linalovuja kwa Povu la Sabuni

Saa mbili asubuhi, Jumamosi, mitambo ya kiwanda kimoja cha mafuta ya kula huko Chang'ombe, Temeke, imezimwa. Tusajigwe Mwakalinga amechuchumaa mbele ya pipa refu la chuma lililolazwa, anapaka povu la sabuni kwa sponji. Uso wa pipa una matundu mia mbili na kumi na mawili, kila moja mdomo wa bomba jembamba lililopita ndani. Moja linavuja, na ni yeye wa kulitaja.

Mtambo huu mafundi wanauita eksichenja. Kazi yake ni kupoza mafuta yanayotoka kusafishwa yakiwa ya moto kupindukia.

"Ni kama kupoza uji wa mtoto," anaeleza Tusajigwe (41), Mama Clara kwa wenzake kazini, mkazi wa Chamazi. "Unaweka kikombe kwenye beseni la maji. Maji yanaondoka na joto, uji hauonji hata tone. Humu mafuta yanapita ndani ya mabomba membamba, maji yanazunguka nje. Yanapeana joto tu, hayagusani."

Vibati vilivyopangwa ndani huyazuia maji kukatisha njia, yakalazimika kupinda huku na huku mpaka yapitie mabomba yote. Lakini bomba moja likitoboka, maji na mafuta yanachanganyika, na mzigo mzima unaharibika.

Tusajigwe aliingia hapa miaka tisa iliyopita kama kibarua wa usafi, kwa shilingi elfu nane kwa siku. Alisugua ukoko ndani ya mabomba kwa brashi ndefu mpaka akayajua kuliko waliosomea. Mafundi wakikwama, wanamwita. Kibarua, hata hivyo, hajaacha kuwa kibarua.

Leo ndiyo leo. Mhandisi Cyprian, bosi wake, amesema wazi: baada ya kuziba, presha ya hewa ndani ya pipa ikikaa bila kushuka, anapata mkataba wa fundi. Ikishuka, kazi hii wanapewa watu wa nje kuanzia mwezi ujao.

Na woga anao, maana ameshawahi kuteleza. Mwaka juzi alipata tundu linalovuja, akaliziba upande wa mbele, kisha akazunguka nyuma kuziba mwisho wa pili wa bomba hilohilo. Akahesabu kutoka kushoto, kama alivyohesabu mbele. Kumbe ukizunguka, kushoto kumekuwa kulia! Akaziba bomba jingine lisilo na kasoro, bovu likabaki wazi upande wa nyuma.

"Nililia, sikufichi," anasema. "Mafuta yanaelea kwenye bwawa la maji ya kupozea, kila mtu anaona. Mie nikajua nimekwisha."

Hewa iliyojazwa ndani ya pipa inapenya kwenye bomba bovu, na povu linavimba kwenye tundu moja la mstari wa saba. Safari hii hahesabu. Anasukuma waya mrefu ndani ya tundu hadi utokee nyuma, ambako Kondo, mchomeleaji wa siku nyingi, anasubiri.

"Kaka Kondo, umeuona?"

"Nimeushika, Mama Clara! Labda kama waya nao siku hizi unasema uongo!"

Wanagongelea vizibo vya shaba, yeye mbele, Kondo nyuma. Bomba hilo limestaafu. Yaliyobaki yanatosha kwa kazi.

Hewa inajazwa tena. Presha inatakiwa ikae nusu saa. Tusajigwe hatazami geji ya kupimia presha; anatazama uso wa Cyprian.

Dakika thelathini zinaisha. Mshale haujasogea.

Cyprian anatoa fomu ya majaribio. Penye "Fundi aliyepima" siku zote huandika jina lake mwenyewe. Leo anampa Tusajigwe kalamu.

"Andika wewe, fundi."

Anafuta mikono kwenye ovaroli, mara mbili, kisha anaandika majina yake yote matatu, la mwisho likivuka mstari. Machozi anayo, wala hayafichi.

Mwezi wa tisa anapanga kufanya mtihani wa kurasimisha ujuzi ili apate cheti. Lakini hilo si la kwanza kichwani mwake.

"Kule kwenye kufungasha chupa kuna wanawake wawili wanaosikia mashine ikiumwa kabla ya fundi yeyote," anasema. "Hakuna aliyewahi kuwauliza kitu. Jumatatu nikishasaini mkataba, ombi langu la kwanza ni hao wahamie huku."