Alama Mbili za Chaki Mlangoni

Mlango wa kati, ule unaotenganisha chumba cha kazi na jiko, ulikuwa na alama mbili za chaki, na hakuna aliyeruhusiwa kuzifuta. Binti wa fundi alipokuja na ndoo kusafisha nyumba baada ya mazishi ya mama yake, fundi alisema maneno mawili: "Hapo acha." Binti akaacha. Ila alishakata shauri, na hakuficha, kwamba baba atahamia kwake, na ile meza ya redio apewe yeyote atakayeitaka.

Kwa miaka thelathini na tisa fundi alitengeneza redio, na mkewe alizisikiliza. Mwanamke yule hakushika pasi ya kuchomea nyaya hata siku moja. Alisimama jikoni, bomba wazi, sufuria zikigongana, akirudia kwa sauti kila alichosikia kutoka mezani kwa mumewe. Fundi, aliyekuwa pua na pua na redio, alisikia yote. Neno lisiporudiwa jikoni, alilitia alama ya chaki mlangoni, kisha akarudi kwenye nyaya zake. Alama zilifutwa siku redio iliposema yote na jiko likarudia yote. Na mfutaji alikuwa mke.

"Aliyesikia ndiye hufuta," alikuwa akisema. "Ukifuta wewe utajionea huruma."

Na bomba lile la nini? Alisema redio husikilizwa na mtu mwenye kazi zake. Anayekaa kimya na kushika tama, huyo hata redio mbovu itamtosha.

Kazi yao ya mwisho ilikuwa skana ya zimamoto. Hiyo si redio ya muziki. Hurukaruka kutoka wimbi hadi wimbi ikitafuta anayezungumza, ikimpata hutulia. Ilikaa kwenye banda la magari ili wazima moto wajue wenzao wamefika wapi. Kunasa ilinasa. Sauti ndiyo iliyokuwa mbaya, nyembamba, kama ya mtu aliyebanwa pua kwa kibanio cha nguo. Injini ya gari ikiwaka, basi tena. Fundi aliigusa hapa na pale, mkewe akasikiliza, akahesabu alama mlangoni, akasema ni maneno mawili tu yaliyompita. Kesho, alisema, tunamaliza.

Kesho hiyo mke aliamkia hospitali, na hakurudi. Skana ikafunikwa kitambaa miezi minne.

Jumatatu moja mkuu wa zimamoto akaja. Alikuja kwa upole, na upole ule ndio uliomchoma fundi. Alisema ataichukua hivyohivyo, wataagiza nyingine, mzee apumzike, wote wanajua yaliyomfika. Fundi alitazama viatu vya mgeni. Alijua kwamba skana hii ikitoka haijamalizika, basi na yeye amemalizika. Meza itabebwa juma hilohilo.

"Njoo Alhamisi mchana," alisema. "Uje na gari. Na injini usiizime."

Akaifungua. Mkono haukuwa umesahau kitu. Palepale alikiona kipingamizi: kapasita ndogo kama punje ya mahindi, imekaa kwenye njia ya sauti kama mlango mwembamba. Wembamba hupita, wanene hubaki nje. Akaing'oa, akachomea kubwa. Skana ikazungumza kwa sauti nzito, ya kujaza chumba. Fundi akatikisa kichwa kwa kuridhika. Yamebaki masikio.

Masikio yalikuja Jumatano na mashati ya fundi yaliyopigwa pasi. Alikuwa shemeji yake, mdogo wa kike wa marehemu. Hao wawili walitaniana tangu siku ya harusi, na msiba haukuwasuluhisha. Alipoombwa asimame jikoni afungue bomba na kurudia maneno, alisema yeye si mtumishi wa redio. Akasimama. Akafungua bomba.

Kwenye skana wazima moto walikuwa wakizungumza kuhusu maji na barabara, na fundi akaandika chaki. Moja. Mbili. Zikafika tano.

"Shemeji, masikio yako yametiwa pamba," alisema.

"Masikio haya yanasikia unavyokoroma kutoka nyumba ya tatu." Akafunga bomba. "Hiyo sauti yako ni tamu, sikatai. Lakini ni ya mtu anayeongea na blanketi mdomoni. Simwelewi." Akauona mlango. "Hizi mbili za juu ni za nani?"

Fundi akamweleza. Haikuchukua muda. Shemeji akasema taratibu:

"Kwa hiyo dada alikosa mawili. Wewe ukaitengeneza zaidi, mimi nikakosa matano. Hapo kiziwi ni nani?"

Fundi akacheka. Kilimtoka bila kujua kicheko kile, kikamwacha na maji machoni. Shemeji alikuwa amesema kweli. Kwa siku mbili nzima hakuwa akiwatengenezea wazima moto. Alikuwa akijitengenezea sauti nene ya kujifunika, kama shuka.

Akaing'oa kapasita kubwa, akaweka ya wastani. Spika iliyochoka akaitupa, akafunga nyingine. Halafu akafanya lile ambalo angelifanya kesho ile: akafuata njia ya sauti nyuma kabisa hadi inapozaliwa, kabla ya vile vipande vinavyoikaba, akachomea waya mwembamba hapo na kuipeleka moja kwa moja kwenye kikuzasauti. Maji safi huchotwa chemchemi, si mferejini.

Bomba likafunguliwa tena.

"Gari la kwanza limefika," shemeji alirudia. "Ni jaa la takataka linaungua. Hakuna nyumba. Gari la pili lirudi. Na huyo msemaji ana mafua, anywe kitu cha moto."

Fundi alisimama na chaki mkononi mpaka mazungumzo yakaisha. Hakuandika hata mstari. Akamnyooshea kitambaa.

"Futa."

"Mume wake ni wewe."

"Aliyesikia ndiye hufuta."

Shemeji alifuta zake tano haraka. Kwenye zile mbili hakutumia kitambaa. Alizifuta kwa kiganja chenye maji, moja, akapumzika, kisha ya pili.

Alhamisi gari likaegeshwa nje likinguruma. Mkuu alisimama ubavuni mwa injini, hatua kumi kutoka kwenye skana, akasikiliza mpaka mwisho. Hakumwambia mzee apumzike. Alisema kituo cha pili nacho kina skana kama hii, na ile ni mbaya zaidi.

"Ilete," alisema fundi.

Juma lililofuata binti alipiga simu kuuliza habari za meza. Aliyepokea ni mama yake mdogo.

"Baba yako yuko kazini," alimwambia. "Na mimi pia. Bomba liko wazi, mwanangu, piga baadaye."