Skrini Iliyonitaka Nipaze Sauti

Niliingia saiba saa mbili na nusu asubuhi, na kesi ilikuwa saa tatu. Nilikuwa nimetoka Ainabkoi alfajiri, matope ya kwetu bado yameshika viatu. Wiki iliyotangulia karani wa mahakama alikuwa ameniambia, bila kuinua macho kutoka kwenye faili, kwamba kesi yetu itatajwa kwa mtandao. Nisipoonekana, au nikionekana na nisisikike, pingamizi langu litatupwa. Simu yangu ilikuwa na kioo kilichopasuka na spika iliyokoroma, kwa hivyo nikaenda mjini Eldoret kutafuta saiba yenye kompyuta ya kukodi.

Pingamizi lilihusu shamba letu. Baba alifariki, na mama akamfuata kabla ya mwaka kuisha, tukabaki watoto watatu kwenye ekari tatu. Mimi, kifungua mimba, nilikuwa kidato cha pili. Niliacha shule muhula huo nikashika ng'ombe, mahindi na wadogo wangu, na nikadhani kazi ngumu ndiyo hiyo tu. Miaka kadhaa baadaye tukasikia kwamba baba mdogo, ndugu ya baba yetu, amepeleka karatasi mahakamani ili shamba liandikwe jina lake. Karatasi zilisema sisi watoto tulikubali.

Mwenye saiba alikuwa mama wa makamo aliyejifunga leso juu ya sweta.

"Wewe ni wa korti?" aliniuliza. "Nimejua tu. Watu wa korti huingia kama wanaenda kudungwa sindano. Kuja hapa."

Aliniketisha mbele ya skrini pana nyeusi ambayo bado ilikuwa na nailoni ya dukani pembeni. Hakutaka mtu aibandue.

"Spika ziko ndani. Maikrofoni iko ndani. Hakuna mambo ya waya. Unaongea nayo tu vile unaongea na mimi." Akanionyesha matundu mawili chini ya fremu, madogo kama yaliyotobolewa na sindano. Juu alikuwa amebandika kamera.

"Hakuna kitu cha kuweka masikioni?" nikauliza.

"Vilikuwa. Wateja wakaenda navyo nyumbani. Hii itakutosha, mama, inasikika mpaka barabarani."

Nikageuka nyuma. Watu watano walikuwa kwenye benchi wakingoja kutoa kopi. Mambo ya nyumba yetu yangesemwa mbele yao wote.

Skrini ilijaa vyumba vidogo vyenye nyuso. Hakimu, mwanamke mwenye miwani, alikuwa katikati. Sauti zilitoka sehemu ya chini, safi kabisa, kama watu wamekaa chini ya meza yangu. Faili ziliitwa moja baada ya nyingine. Ndipo nikamwona baba mdogo katika chumba chake, amevaa kofia ya kwenda kanisani.

Mimi nina jina la mama yake. Kwa sababu hiyo, tangu nikiwa mtoto, yeye huniita mama. Akija kwetu alikuwa akiniambia, "Mama, nipe chai," na mimi nikikimbia jikoni nikijiona mkubwa. Nilipouona uso wake pale, mwili wangu ulitaka kwanza kumwamkia.

Halafu nikaona kilichokuwa nyuma yake.

Kwenye simu yangu nisingekiona. Kwenye skrini ile kilikuwa kikubwa kama dirisha: mabati yenye rangi ya buluu iliyobambuka, mti wa kufungia ndama, na ile beseni ya maji yenye ufa. Lilikuwa banda letu. Alikuwa amesimama nyumbani kwetu. Nyuma yake akapita mwanamume aliyebeba begani miguu mitatu ya chuma, ile ya watu wa kupima mashamba.

Mdogo wangu wa kiume saa hiyo alikuwa amepeleka maziwa. Kitinda mimba alikuwa shuleni. Hakukuwa na mtu nyumbani.

Faili yetu ikaitwa.

Nikasimama. Sijui kama kuna mtu wa kwetu ambaye asingesimama. Mkubwa akikuita unasimama, unarudi nyuma hatua moja, unainamisha kichwa, unajibu polepole. Hivyo ndivyo mama alitufundisha, na hivyo ndivyo nilivyofanya. Nikasema, "Nipo, Mheshimiwa."

"Mwenye pingamizi hayupo?" hakimu akauliza.

"Nipo, Mheshimiwa," nikasema tena, macho yakiwa sakafuni.

"Kuna mtu amesimama," karani akasema. "Tunaona vifungo vya sweta tu. Wewe wa sweta ya kijani, unasikia?"

Kwenye benchi mtu mmoja alicheka. Nilisema nasikia. Sauti yangu iliishia kati yangu na ile meza, na mashine ya kopi ikaimeza.

Baba mdogo akasafisha koo. Sauti yake ilijaa saiba nzima. "Mheshimiwa, huyo mtoto hana neno. Tulikaa kikao baada ya mazishi, nikauliza mbele ya wazee kama kuna mwenye kupinga. Walinyamaza wote. Hata leo ananyamaza, mnamwona."

"Basi nitaandika kwamba hakuna jibu," hakimu akasema, akainamia karatasi.

Mkono ulinishika sweta kwa nyuma na kunivuta chini. Alikuwa mwenye saiba.

"Keti," akasema. "Mdomo hapa kwa hizi shimo. Hapa si kwa wakwe. Piga kelele."

Nilikuwa sijawahi kupaza sauti mbele ya baba mdogo. Hata siku ile ya kikao sikufanya hivyo. Nilikuwa na miaka kumi na sita, nimeshika trei ya vikombe, na msichana mwenye trei haulizwi akajibu. Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa nagawa chai. Sasa niliinamisha uso mpaka pumzi yangu ikaweka ukungu kwenye kioo, nikasema kwa sauti iliyowafanya hata watu wa benchi wageuke.

"Niko hapa, Mheshimiwa. Hatukukubali. Hakuna mahali tulitia sahihi. Na yeye sasa hivi yuko kwetu. Hilo nyuma yake ni banda la ng'ombe wetu, na amekuja na mtu wa kupima."

Hakimu akainua kichwa. "Mzee, uko wapi?"

"Niko kwa ndugu yangu."

"Ndugu yupi? Marehemu?"

Chumba chake kiliyumba, tukaona anga, halafu nyasi, halafu kofia tena.

Hakimu alisema maneno yafuatayo polepole, na karani akayarudia: shamba lisipimwe, lisiuzwe, lisiguswe mpaka mashahidi wasikizwe, na safari ijayo sote tufike wenyewe kortini. Mpimaji aondoke saa hiyo. Kisha akaita faili nyingine.

Ningepaswa kufurahi. Mwenye saiba alinipiga bega na kusema, "Si umeona?" Lakini baba mdogo alikuwa bado hajatoka. Akasogeza simu karibu, uso wake ukajaa chumba chake kidogo.

"Mama," akasema, kwa upole ule ule wa kuomba chai. "Umenipigia kelele mbele ya watu. Sasa njoo. Nakungoja hapa kwako."

Karani akasema watu wa faili iliyopita watoke. Watu wa benchi walikuwa wananitazama. Nilijua kwamba gari la Ainabkoi lingechukua zaidi ya saa moja, na kwamba mdogo wangu angerudi peke yake na mitungi mitupu, amkute baba mdogo pale langoni.

Nikasogea tena kwenye matundu yale.

"Nakuja, baba," nikasema. "Ngojea hapo nje. Mlango nimeufunga."